Mama Asiyepewa Wimbo

Bungoma
5 Agosti 2025

Kwa mkwe wangu Muchiri,

Salamu. Sisi huku ni wazima. Mahindi yamekauka na shemeji yako Kizito amesema ataita watu wiki hii tuvune.

Nakuandikia kwa sababu mimi na wewe hatuzungumzi, na sababu yake unaijua. Tangu ulipomwoa Joy, mimi ni mama mkwe wako, na kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawapeani mikono wala hawali pamoja. Hata simu sijawahi kukupigia. Joy alikuwa akitucheka. Alisema akitaka kutualika sote siku moja itabidi ajenge nyumba yenye ukuta katikati ya meza. Kwa hivyo naandika. Karatasi haina macho ya kuangaliana nayo.

Jumamosi nilikuja Kitale kuona mchezo wako. Hukuniona. Nilikaa nyuma kabisa karibu na nguzo, pamoja na Rispah, dada ya marehemu mzee wangu, yule Joy alikuwa akimwita senge, yaani shangazi kwa lugha yetu. Wewe ulikuwa kule mbele kwenye piano na mgongo umetuelekezea, nikaona hakuna ubaya.

Kizito alikuwa amenieleza kwamba mchezo wa namna hiyo unaitwa opera, na kwamba watu wake hawasemi, wanaimba tu, hata wakiomba maji ya kunywa. Nilidhani ananitania. Yule msichana mgonjwa alipoanza kuimba akiwa amelala kitandani, Rispah aliniinamia akaniambia, "Ati huyu ndiye mgonjwa? Mgonjwa gani ana sauti hivi? Mimi nikiwa na homa siwezi hata kufukuza kuku." Nilitaka kucheka. Kisha nikaiona sweta.

Ile sweta ya kahawia ni ya Joy. Kifungo cha tatu nilikishona mimi kwa uzi wa bluu kwa sababu wa kahawia ulikuwa umeisha, naye akaenda nayo chuoni hivyo hivyo, akasema ni fasheni. Umemvalisha mtu mwingine. Msichana huyo alikuwa akitokwa jasho ndani yake chini ya zile taa, na hukuniuliza, wala hukumwuliza mtu yeyote wa kwetu.

Hilo ningelimeza. Lakini ukamleta yule mwanamke wa mlangoni.

Umemvalisha nguo nyeusi na kumsimamisha mlangoni pa wodi, mikono imekunjwa kifuani. Mtoto wake anakufa, yeye anatazama tu. Mume anaimba, nesi anaimba, hata yule mzee wa kupiga deki anaimba. Mwanamke huyo tu ndiye hukumpa wimbo. Hafungui mdomo kutoka mwanzo hadi nilipoondoka. Watu waliokaa mbele yetu walianza kuzomea. Kuna msichana alisema kwa sauti, "Mama gani huyu? Huyo ni jiwe bana!" Rispah alitaka kusimama amjibu, nikamshika gauni. Nilimwambia, "Keti. Wakijua ni mimi itakuwa mbaya zaidi." Tukatoka kabla haujaisha.

Nimeona kwenye bango kwamba tarehe ishirini Septemba unauleta hapa Bungoma. Hapa watu wananijua. Wananiuzia mboga, wananipisha kanisani. Nakuomba usiulete. Sina maneno mengi zaidi ya hayo. Usiulete.

Mama Joy,
Phelista Nanjala

*

Kitale
12 Agosti 2025

Kwa Mama,

Barua yako imenifikia. Kizito aliiacha shuleni kwa sekretari, hakutaka hata kuniona. Natumaini mavuno yanaendelea vizuri.

Sweta nilipaswa kuuliza. Hilo nakubali na naomba radhi. Baada ya Kitale imefuliwa na iko kwangu.

Lakini kuhusu yule mwanamke, Mama, sitaomba radhi. Umenikasirikia kwa kumweka mlangoni. Nani alimweka pale? Si mimi. Mimi niliandika nilichokiona.

Siku ile hospitalini nilikuwa kwenye kile kiti kando ya kitanda tangu jana yake. Nimonia ilikuwa imemshika Joy pande zote mbili za mapafu, na ile barakoa ya hewa ilikuwa mdomoni mwake, hawezi kusema. Ulifika asubuhi. Nilikuona ukisimama mlangoni, nikainama, nikageuza uso kwa heshima, maana najua hamtaki kutazamwa. Nikasubiri uingie. Hukuingia. Mlango ulikuwa wazi wote, nilimwambia hata nesi Jerop asiufunge. Jua likapanda, likapita dirishani, na wewe uko pale pale.

Kisha ukamtuma Jerop aje aniambie nitoke kidogo. Mama, mke wangu anahangaika kuvuta pumzi, wewe unataka niende koridoni! Nilijua ni maneno gani yananingoja huko. Wazee wenu walikuwa wameshaanza kuuliza atazikwa wapi, kabla hajafa. Nikamwambia Jerop, "Mwambie mlango uko wazi." Hivyo tu. Na bado hukuingia.

Naye alikutaka. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Alikuwa akiinua mkono na kuonyesha mlangoni, na akishauangusha anauinua tena. Nilimshika, nikamwambia, "Namwona. Hataki kuingia." Akatikisa kichwa na machozi yakamtoka. Akauinua tena, akauelekeza mlangoni. Mkono huo ndio mwisho wa sehemu ya pili ya opera yangu. Pengine hukuuona kwa sababu ulikuwa umeshatoka.

Unasema nimempa mgonjwa sauti kubwa kuliko ya mzima. Ndiyo. Ndiyo maana niliandika opera badala ya kitu kingine. Kwenye opera mtu anayekufa bila kuweza kusema anaweza kupewa pumzi ya kusema yote. Kila usiku nasikia jinsi Joy alivyokuwa akivuta hewa. Nilitaka nisikie kitu kingine. Nawe sikukupa wimbo kwa sababu sikusikia neno lolote kutoka kwako siku ile. Ningeandika nini?

Tangu mwanzo hukutaka binti yako aolewe na Mgikuyu wa Kitale. Ulinyamaza, lakini kunyamaza kwako nilikusikia. Hata siku ile ulinyamaza.

Opera itakuja Bungoma. Ukumbi umeshalipiwa, waimbaji wamejiandaa.

Ni mimi,
Muchiri Wahome

*

Bungoma
19 Agosti 2025

Muchiri,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama nje karibu na tangi la maji, kwa sababu sikutaka Kizito anione.

Nianze na mikono. Mikono yangu haikuwa imekunjwa. Ilikuwa imeshika chupa ya uji. Nilimpikia uji wa wimbi, nikautia limau na sukari nyingi, kama alivyoupenda tangu akiwa mdogo. Alikuwa akiunywa na kuacha kidogo kikombeni, kisha anakiinamisha na kuvuta ule uliobaki kwa kidole. Nilimpiga kwa tabia hiyo akiwa darasa la tatu na hakuiacha. Nilitoka hapa Bungoma kukiwa na umande bado, chupa iko mapajani. Siku nzima nimeishika. Ilipoisha ile siku bado uji ulikuwa na joto. Nilimwagia miti pale nje ya hospitali. Kwenye opera yako sikuona chupa.

Pili, nani alikuambia ya kwamba sikutaka uoe kwangu? Nilikuwa na hofu na mji, si na wewe. Siku ya harusi nilichungulia kupitia pazia la jikoni nikaona ukimtoa Joy kipande cha jani kwenye nywele. Nikamwambia Rispah, "Huyu atamtunza." Muulize.

Tatu. Unaandika kwamba mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi vipi, na wewe umekaa? Wewe ni mkwe wangu. Kiti kilikuwa kando ya kitanda na wewe uko juu yake. Ningeingia, nikupite, niiname juu ya mtoto wangu na magoti yako yako hapo? Nilimtuma nesi akuambie utoke kidogo. Sikutaka kuzungumza nawe. Sikuwa na habari ya kaburi. Nilitaka utoke ili niingie. Joy alikueleza mila hii, alikueleza tangu uchumba wenu, najua kwa sababu alinisimulia ulivyocheka. Ulijua na ukakaa. Ukanifungia mlango kwa kukaa.

Nilidhani umenikataza. Mwaka mzima na nusu nimeishi nikijua kwamba mume wa binti yangu alinikataza nisimuage mtoto wangu, na sikusema kwa mtu, kwa sababu wewe ulikuwa umempoteza pia. Kisha naingia ukumbini, nakuta ni mimi ninayezomewa.

Kuhusu mkono, sitaki kuandika. Nimejaribu mara kadhaa hapa na nimefuta. Tuliache hilo.

Nakuomba tena. Usiulete huku.

Mama Joy

*

Kitale
27 Agosti 2025

Mama,

Nimekaa na barua yako kwa siku kadhaa kabla ya kujibu, kwa sababu jibu la kwanza nililoandika lilikuwa na matusi, nikalichoma.

Unaniambia nilikufungia mlango kwa kukaa kwenye kiti. Mtu hufunga mlango kwa kukaa? Nilikuwa namshika mke wangu mkono!

Ndiyo, Joy alinieleza. Alinieleza wakati wa harusi: usimpe Mama mkono, usikae naye meza moja, akipita kaa pembeni. Nikacheka na nikayafuata yote, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilidhani ni adabu ya sherehe, kama mtu anavyovaa tai. Hakuna aliyeniambia kwamba inaingia mpaka hospitalini. Kitandani mwa mgonjwa! Nyanya yangu aliyenilea angevuka moto kwa ajili yangu. Hangeuliza ni nani ameketi kwenye kiti gani.

Unataka niamini kwamba ulisimama hapo, hatua chache kutoka kwa mtoto anayekufa, na kitu kilichokuzuia kilikuwa ni mimi. Mwili wangu tu. Mama, samahani, lakini hicho ni kisingizio. Ungefumba macho ukaingia. Ungenipiga kofi ukaingia. Ungepiga kelele pale koridoni, "Muchiri toka," ningetoka mbio. Ukachagua adabu. Na mtu akichagua adabu wakati huo, watu watamzomea, siwezi kuwazuia.

Sibadilishi kitu. Chupa ya uji naweza kuongeza ukitaka. Gladwell, anayeigiza mama, atashika chupa.

Muchiri

*

Bungoma
2 Septemba 2025

Muchiri,

Usiongeze chupa. Uji wangu si wa kuchezea.

Ilete opera yako Bungoma. Ilete kama ilivyo. Usibadilishe nguo, usibadilishe mlango, na hasa usiondoe kile kiti. Huo mkono uache pia kama ulivyouandika. Waimbaji waimbe kwa nguvu zao zote.

Mimi sitaingia ukumbini. Lakini nitakuwa karibu.

Phelista Nanjala

*

Kitale
22 Septemba 2025

Kwa Mama,

Sijui kama ulikuwa karibu kweli, kwa hivyo nitakusimulia kama mtu ambaye hakuwepo.

Ukumbi ulijaa. Sehemu ya kwanza walipenda, walicheka mahali pa kucheka, walipiga makofi msichana alipochumbiwa. Nikasema moyoni, Mama alinitisha bure. Ikafika sehemu ya pili. Kitanda, kiti, mlango. Kimeli, mwalimu mwenzangu anayeigiza mume, ameketi kwenye kiti anaimba. Gladwell anakuja anasimama mlangoni na mikono yake imekunjwa. Nikasubiri wazomee kama Kitale.

Hawakumzomea Gladwell. Nilisikia viti vikilia. Kisha mwanamke mmoja katikati akasema, kama mtu anayemwambia jirani jambo la kawaida tu, "Huyo kijana si atoke?" Watu wakacheka kidogo. Mwingine akajibu, "Pengine hajamwona mkwewe." Wa tatu akasema, "Amemwona, si ameinamisha kichwa? Amemwona na bado amekaa." Hapo hawakucheka.

Niliendelea kucheza. Nesi akaingia na maneno yake: mama anakuita utoke kidogo. Kimeli akaimba lile jibu langu, mwambie mlango uko wazi. Mama, ukumbi wote ulitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa watu wanaotazama kitu. Mzee mmoja alisimama akapiga sakafu kwa fimbo yake. "Mkwe hana adabu huyu! Ni wa wapi?" Kisha Rispah. Nilimjua kwa sauti. "Wee kijana! Ondoka kwa hicho kiti, mama aingie! Mtoto ni wake!"

Ndipo msichana kitandani akainua mkono.

Alifanya nilivyomfundisha. Akauelekeza mlangoni, akauangusha, akauinua tena. Na wanawake wakamjibu, wengi kwa pamoja, wengine wamesimama juu ya viti. "Si anakuambia utoke! Mke wako anakuonyesha mlango! Toka, toka, toka!"

Vidole vyangu viliacha piano. Sikuviachisha mimi. Kimeli alinyamaza katikati ya mstari akanitazama. Akaniuliza pale pale jukwaani, bila kuimba, "Mwalimu, nitoke?" Kuna mama alijibu kwa niaba yangu. "Unauliza nini na unaambiwa? Toka!"

Akasimama. Akatoka. Kiti kikabaki.

Gladwell hakujua la kufanya, kwa sababu sikumwandikia kitu hapo. Alikunjua mikono. Alitazama watu. Akaingia, akaketi, akamshika yule msichana. Hakukuwa na muziki. Kisha mwanamke mmoja akaanza kuimba kutoka chini, wimbo wa kilio wa kwenu ambao siujui, wengine wakaupokea, wakauimba mpaka mwisho. Nilikaa nimewapa mgongo na sikugeuka. Hatukuimba sehemu ya tatu. Watu walitoka polepole kama wanaotoka matangani.

Nina hasira, Mama. Usifikiri sina. Nina hasira na wewe. Umati wa watu nisiowajua ulihitaji muda mfupi tu kuniambia jambo ambalo wewe, Kizito, Rispah, na Joy mwenyewe hamkuniambia kwa miaka yote ya ndoa yetu, kwa sababu kila mmoja wenu alidhani mtu huzaliwa akijua. Nina hasira na Jerop kwa kuniambia "utoke kidogo" na si "utoke aingie." Nina hasira na mimi mwenyewe kuliko wote. Nilimshika ule mkono. Alikuwa anatumia nguvu zake za mwisho kuuinua, na mimi nilikuwa nauchukua na kuurudisha chini kwenye shuka. Nilidhani namfariji.

Mimi ndiye niliyemwambia hutaki kuingia.

Najua mkono ulisema nini. Lakini naomba uniandikie wewe. Umekataa kuandika mara moja. Andika sasa.

Muchiri

*

Bungoma
29 Septemba 2025

Kwa Muchiri,

Nilikuwa karibu. Nilikaa nje chini ya dirisha la ukumbi, kwenye lile benchi la zege. Nilisikia kila kitu. Kizito alitaka kuingia kuona, nikamwambia aende, akarudi ameshika kichwa.

Nilijua maana ya mkono tangu niliposoma barua yako ya kwanza, pale kwenye tangi. Ndiyo maana sikuandika. Nilikuwa na hasira nawe ya kuweza kuvunja sahani, lakini nikasema, huyu kijana anaamini mke wake alikufa akiniita. Acha aamini. Akijua vingine atalala vipi? Kisha ukaniambia natafuta kisingizio. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike, ilete. Nilijua watu wa hapa watasema nini. Nilitaka wakuambie mbele ya watu, kama nilivyozomewa mbele ya watu. Sasa wamekuambia, na sijisikii nilivyodhani nitajisikia.

Basi naandika. Alikuwa akikuambia utoke. Hakukufukuza. Alikuwa akitaka sote wawili, na alijua hatuwezi kuwa mle pamoja, kwa hivyo alikuwa anapanga zamu, kama alivyokuwa akipanga siku za sikukuu, wewe ule kwanza uende kuota jua, ndipo mimi niitwe. Hata akiwa anakufa alikuwa anajenga ule ukuta wake wa kati ya meza. Na alipotikisa kichwa ulipomwambia sitaki kuingia, alikuwa anakuambia, si hivyo. Alinijua. Hakufa akidhani nilimkataa. Hilo ulinipa wewe bila kujua, kwa kuniandikia kwamba alitikisa kichwa. Nimelisoma mara nyingi.

Uliuliza kwa nini sikufumba macho nikaingia. Sasa nitakujibu bila kuficha. Niliinua mguu mara moja nikaupitisha kizingiti. Ulikuwa umeinama, hukuona. Nikaurudisha. Tulifundishwa na mama zetu kwamba mwiko huu ukivunjwa haumdhuru aliyeuvunja, unamdhuru mtoto. Mtoto wangu alikuwa amelala pale anatafuta hewa. Ningethubutu? Nilibaki nje ili asife. Na akafa. Usifikiri wewe peke yako una hasira na adabu. Mimi nimeishika maisha yangu yote, siku nilipoihitaji initendee kitu kimoja tu haikunitendea. Nikimkuta huyo aliyeitunga nitamwuliza nikiwa nimesimama mbele yake na macho yangu yamefunguka.

Bado nimekukasirikia. Nimekukasirikia kwa sweta, na kwa ile mikono iliyokunjwa, na kwa sababu ulimgusa mwisho. Itaisha siku yake.

Opera usiitupe. Lakini usimwandikie yule mama wimbo wa kuimba akiwa mlangoni, nakukataza. Hakuimba. Na usimwingize chumbani, kwa sababu sikuingia, na wale wanawake walifanya vile kwa sababu hawakuweza kuvumilia. Mwache mlangoni na chupa yake. Nimebadilisha mawazo kuhusu chupa. Mwache yule kijana kwenye kiti. Ila andika mapema, kabla ya ugonjwa, Joy akikuimbia mila hii na wewe ukicheka, ili watu wa Kitale pia wajue wanachokitazama. Wakishajua, wataona wenyewe ni nani wa kuzomewa, au hakuna.

Sasa sikiliza. Chumba cha Joy hapa nyumbani sijakifungua tangu mazishi. Kitanda chake kiko, na kuna kiti kando yake, cha mbao, alichokuwa akiwekea vitabu. Jumamosi hii nitafungua madirisha. Njoo. Kizito atakupokea langoni, na ameahidi hatakununia. Mimi nitakuwa jikoni napika uji.

Leta sweta, uiweke kitandani. Keti kwenye kiti kadiri unavyotaka, hakuna atakayekuharakisha. Mwambie unayotaka kumwambia. Ukimaliza, simama utoke kwa mlango wa mbele, uende kwenye kivuli karibu na tangi, Kizito atakuletea kikombe chako.

Usinisubiri niingie kwanza, Muchiri. Wewe toka. Nikisikia mlango wa mbele, nitachukua chupa yangu, na nitaingia.

Mama yako,
Phelista Nanjala